Mahandaki yanayoibeba Paris

Sehemu kubwa ya mawe ya chokaa yaliyoijenga Paris ya kale yalichimbwa chini kwa chini. Mahandaki yakasahaulika, mji ukatanda juu yake. Mwaka 1774 barabara moja ikadidimia. Mwaka 1777 ikaundwa idara ya ukaguzi wa machimbo, chini ya msanifu majengo Charles-Axel Guillaumot.

Hatari huanzia darini. Tabaka moja hupasuka na kuanguka, kisha jingine, na uwazi hupanda polepole kwa umbo la kengele. Kifusi huchukua nafasi kubwa kuliko mwamba mzima, kwa hiyo handaki lenye kimo kifupi hujijaza lenyewe na maporomoko hukoma. Likiwa na kimo kirefu, shimo hutokeza barabarani. Ndiyo maana mafundi walijenga nguzo na kuta za mawe, wakashindilia kifusi nyuma yake.

Wageni wengi hufuata mifupa iliyohamishiwa humo kutoka makaburi ya mji, ya watu takribani milioni 6. Mimi naona kuta ndizo za kutazamwa: namba ya kazi, herufi G ya Guillaumot, mwaka. Mahali pengine limechongwa jina la mtaa wa juu, hata kama huko juu limeshabadilishwa.