Dada Alivyolisoma Paji Langu

Dada yangu alipoteza usikivu akiwa na miaka 7, baada ya homa kali iliyomlaza wiki mbili. Tangu hapo anasikiliza kwa macho. Ukitaka kuzungumza naye unamgeukia, anaitazama midomo yako, kisha anakujibu kwa ile sauti yake nzito isiyopanda wala kushuka. Nyumbani tulikwisha zoea, hata hatukuliona kuwa ni jambo. Mimi nilikuja kuliona niliponunua pikipiki na kuanza kumpakia.

Helmeti yangu ya mwanzo ilikuwa ya kufunika uso mzima. Nikisimama nimwambie neno, alichokiona ni macho mawili tu. Hata nikiinua kioo, mdomo ulibaki umefichwa nyuma ya taya la plastiki. Siku moja tulisimama nyuma ya lori lililoharibika. Niligeuka nikamwambia, "Usishuke bado." Yeye, kwa kuwa tumesimama na nimegeuka, akadhani tumefika. Akateremka upande wa magari. Basi dogo lilimpita karibu kiasi kwamba upepo wake uliivua skafu yake shingoni. Hakuguswa. Lakini usiku ule sikulala, nikiyarudia maneno yale mawili ambayo angeyaelewa mara moja laiti angeiona midomo yangu.

Ndipo nikaanza kutafuta helmeti ya kufunuka, ile ambayo taya lote hunyanyuka pamoja na kioo hadi juu ya paji ukibonyeza kitufe kimoja chini ya kidevu. Si kitu kipya. BMW walikwisha kutoa yao mwaka 1981. Wavaa miwani kama mimi huipenda kwa sababu nyingine: unaivaa ikiwa wazi, miwani ikiwa usoni, kisha unashusha taya. Kwangu mimi sababu ilikuwa moja tu, na alikuwa anakaa nyuma yangu.

Ya kwanza niliinunua kwa pupa. Ilikuwa nyekundu iliyokoza, ina kioo cha jua cha ndani kinachoshuka kwa kusukuma kidude pembeni. Niliivaa dakika moja mbele ya kioo cha ukutani, nikaona imenikaa, nikalipa. Safari yetu ya kwanza ndefu, dakika 20 hazijatimia, nikahisi kama mtu ameniwekea kidole katikati ya paji na anakisukuma bila kuchoka. Ikafika nusu saa, macho yakaanza kutoa machozi. Nikasimama, nikaivua, nikaitia kiwikoni, nikaendelea na safari kichwa wazi. Nafuu niliyoipata wakati ule naikumbuka mpaka leo, na ndiyo inayonitisha, maana ilikuwa tamu.

Dada alinipiga begani mara tatu. Nikasimama tena. Akaigusa helmeti iliyoning'inia mkononi, kisha akanigusa utosini. "Unakilinda kipi, mdogo wangu? Kiwiko?"

Sikuwa na jibu. Tathmini ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, iliyokusanya tafiti nyingi za ajali za pikipiki, ilikadiria kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa 42% na hatari ya kuumia kichwa kwa 69%. Namba hizo nilikuwa nazijua, nilikwisha kuwasomea hata wenzangu. Lakini hazimhusu mtu aliyeitundika kiwikoni. Helmeti inayouma haifiki mwisho wa safari ikiwa kichwani, na mimi nilikuwa nimelithibitisha hilo kwa kichwa changu mwenyewe, dada yangu akiwa nyuma.

Kabla sijakubali kushindwa nilifanya kosa jingine. Niliondoa kitambaa cha ndani, nikachukua kijiko, nikaikwangua foamu ngumu pale iliponibana. Nikaona nimetengeneza.

Mwaka 2022 tulikwenda dukani tukiwa wawili. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, mwendeshaji wa pikipiki wa miaka mingi. Niliichukua ile nyekundu ili nimwonyeshe inaponiuma. Aliipokea, akaigeuza, akavua sponji, akanyamaza akizitazama alama za kijiko. Kisha akainua uso. "Hii umeikwangua wewe?"

"Ndiyo, mama. Ilikuwa inanibana."

Hakunigombeza. Alinishika kidole akakipitisha mule ndani, juu ya zile chembe nyeupe zilizokwaruzwa. Akanieleza kuwa kazi ya kukuokoa hufanywa na foamu ile: kichwa kinapogonga, yenyewe hupondeka, na kule kupondeka ndiko kunakoumeza ule mshindo usifike kwenye ubongo. Hupondeka mara moja tu. Pale ulipoikwangua, hapana tena cha kupondeka. Ndiyo maana helmeti iliyokwisha kupata ajali hubadilishwa hata kama gamba la nje halina ufa.

Kisha akavuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda. Nilikuwa nimeiona mara mia bila kuisoma. Ndani ya duara palikuwa na herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, na chini yake namba ndefu iliyoanza na 05, ikifuatwa na herufi NP. Zile tarakimu mbili za mwanzo ni toleo la kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa ambayo helmeti ilipimwa kwayo. NP maana yake taya lile halikunilinda kidevu. Lilikuwa kifuniko cha upepo na vumbi tu. Nilimtafsiria dada. Aliichukua helmeti, akalibonyeza lile taya kwa vidole gumba viwili, likanepa. Akaiweka chini ya meza, mbali na zile nyingine.

"Sasa tuanze na kichwa," yule mama akasema.

Alitumia utepe wa fundi cherehani, akauzungusha juu kidogo ya nyusi na kupita sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Sentimita 58. Nilifurahi, kwa sababu ile nyekundu nayo ilikuwa ya 58, nikadhani nimethibitisha kuwa kosa halikuwa langu. Akatikisa kichwa. Alinikalisha kwenye kigoda, akamwita dada asimame nyuma yangu anitazame kwa juu. "Mwambie, kaka, akuambie anaona nini. Duara au yai?"

"Yai," dada akasema. "Refu. Masikioni pembamba."

Basi. Miaka yote ile nilidhani kichwa ni namba. Vichwa viwili vya sentimita 58 vinaweza kuwa kimoja duara na kingine kirefu toka paji hadi kisogo, na helmeti nazo hutengenezwa hivyo, nyingine za mviringo, nyingine ndefu, nyingine katikati. Cha kwangu, ukikitia katika helmeti ya mviringo, kitagusa mbele na nyuma na kuacha nafasi pembeni. Ukichukua kubwa zaidi ili paji lipumue, itacheza masikioni na kuzunguka. Hapo hakuna namba itakayokusaidia. Inabidi ubadilishe umbo.

Aliniletea ya kwanza. Nyeusi, nyepesi, nzuri kweli. Nikaifunga. Taya aliliacha limefunuliwa, na ndipo dada alipovuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana, akanikazia macho kama anavyomkazia mtu anayeongea haraka.

"Ikoje?" mama akauliza.

"Nzuri. Haina shida."

"Anasema uongo," dada akasema papo hapo. "Hapa pamekunjika." Akaweka kidole kati ya nyusi zake mwenyewe.

Nilibisha. Nilikuwa naitaka ile nyeusi. Mama yule, badala ya kuamua kati yetu, akasema tukae nusu saa, nisiivue, tuzungumze mambo mengine. Wateja wawili waliingia wakatoka. Dada alinisimulia habari za mtoto wa shangazi, na huku akisimulia hakuondoa macho kwenye paji langu. Dakika ya 15 nilikuwa sifuatilii tena hadithi. Ya 20 niliomba kuivua. Palibaki alama nyekundu ya ukubwa wa sarafu. Mashavu nayo yalikuwa yamebanwa, hata nikitafuna nang'ata nyama ya ndani, lakini hayo mama aliyapuuza kabisa. Sponji ya mashavuni hulegea baada ya wiki kadhaa za kuvaliwa. Helmeti mpya isiyobana mashavu ndiyo ya kuiogopa. Foamu ya kwenye paji hailegei. Ikikuuma leo itakuuma mwakani.

Nimekwisha kuwaambia watu wengi habari hii, na wengi huona aibu kukaa nusu saa dukani na helmeti kichwani. Mimi sioni aibu tena. Kaeni. Kama muuzaji anakukataza, ondoka.

Ya pili ililipendeza paji lakini ilinikosea miwani. Mikono ya miwani ilisukumwa na sponji hadi ikanichoma juu ya masikio. Hiyo dada aliigundua kabla hata sijafungua mdomo. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, rangi ya wingu la mvua, na nilipoipokea mikononi nilivunjika moyo. Ilikuwa nzito. Mama aliipima kwenye mizani mbele yangu: gramu 1,720. Bawaba, kitufe na ndoano za taya lazima ziwe na uzito wake, akasema, na kwa kawaida helmeti ya kufunuka huwa nzito kuliko ile isiyofunuka. Lakini ndoano za hii zilikuwa za chuma, si za plastiki, na ilipojifunga ilitoa mlio mmoja mkavu, pande zote mbili kwa pamoja.

Nikaivaa. Nikasubiri kile kidole cha katikati ya paji. Hakikuja. Ilinikumbatia kote sawasawa, na nilipoishika kwa mikono miwili nikaizungusha, ngozi ya uso ikafuatana nayo. Mama akasimama nyuma yangu, akaushika ukingo wa chini kisogoni, akaisukuma juu kuelekea mbele kwa nguvu kama anayetaka kuing'oa. Mkanda ulinikaba kidogo, helmeti ikabaki. Nikageuza shingo kulia na kushoto kama ninayetazama nyuma kabla ya kubadili njia, mara nyingi, mpaka nikaridhika kuwa shingo inauweza ule uzito. Tukakaa nusu saa nyingine. Dada hakuniangalia tu, alinifanya niongee. Aliniuliza maswali ya kipuuzi, rafiki zetu wa utotoni, majina ya mbwa tuliowafuga, nami nikajibu bila kutoa sauti, kwa midomo tu, kama tulivyokuwa tukifanya kitandani tulipokuwa tumeamriwa kulala.

Mwishowe akaegemea nyuma. "Paji limelala," akasema.

Nilisoma lebo mwenyewe safari hii. Namba ilianza na 06, toleo lililoongeza kipimo cha pigo la mshazari, lile linalokizungusha kichwa. Baada yake P/J: imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa imefunuliwa, na taya lake ni la kukinga kweli. Hata hivyo sijawahi kutembea nayo ikiwa wazi. Taya likiwa juu, kidevu chako kimebaki na ngozi yake tu.

Jambo la mwisho nililolidai mimi. Nilitoa glavu zangu kwenye begi, nikazivaa, nikajaribu kukitafuta kile kitufe kwa mkono wa kushoto bila kuona. Mara ya kwanza nilikikosa. Mara ya pili na ya tatu nikakipata. Kile cha ile nyeusi, ambacho nilikijaribu kwa ukaidi tu, kilikuwa kidogo mno kwa kidole chenye glavu, na hapo nikaacha kuisikitikia. Kelele za upepo hazipimiki dukani. Nilikuja kuona kuwa kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa upepo huvuma pale taya linapoungana na gamba, na tangu hapo navaa vizibo vya masikio katika safari ndefu. Dada akiniona navivaa husema nimehamia upande wake.

Wiki iliyofuata tulisafiri mvua ikinyesha. Palikuwa na gari limekwama mbele, foleni imesimama, maji yanapita kwenye matairi. Nilikuwa nimeivaa saa moja na nusu na nilikuwa nimesahau kuwa nina kitu kichwani. Nilisikia mwili wake ukisogea kiti cha nyuma, mguu mmoja unaacha kikanyagio. Nikapeleka kidole gumba chini ya kidevu, taya likapanda, mvua ikanipiga mdomoni, nikageuka.

"Usishuke bado."

Aliurudisha mguu. "Nimeona," akasema, akanifuta maji kidevuni kwa ncha ya skafu yake, kisha akalishusha taya yeye mwenyewe mpaka likalia.