Siku moja na fundi mageti mwenye kamera, hapa Kigoma

Watu wakiniona na kamera shingoni na suruali imejaa matundu ya cheche wanauliza swali moja tu, we ni fundi au mpiga picha? Mi nachomelea. Mageti, madirisha, vitanda, matela ya baiskeli, chuma chochote ukileta pale kibandani kwangu mtaa wa Mwanga nakiunga. Picha napiga kwa hela yangu, hakuna anayenilipa, na hiyo hesabu mama watoto anaijua kuliko mimi. Nimezaliwa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huku nimefika 2011 na boti ya mizigo nikiwa na begi moja na kioo cha kuchomelea nimekifunga kwenye shati kisivunjike. Mpaka leo nikichoka Kiswahili cha kwetu kinatoka chenyewe, nasema "ule muntu iko wapi" na dogo ninayemfundisha kazi anacheka mpaka anaweka grenda chini.

Saa kumi na moja alfajiri. Naamka, siogi, nachukua boda mpaka mwalo wa Kibirizi. Hii ndo saa yangu peke yangu. Leo ni giza, mwezi haupo, kwa hiyo mitumbwi ilitoka jana jioni na taa zake, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaji kwenye taa na watu wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Mitumbwi inarudi miwili miwili imefungwa pamoja na miti, na kina mama washajipanga na mabeseni, kelele kama mnada.

Kitu kimoja nilichelewa kukielewa nilipofika huku. Kwetu Kalemie jua linachomoza majini, ukifungua mlango tu linakupiga usoni. Hapa linachomoza nyuma ya vilima, mwalo unabaki kivulini muda mrefu kumeshapambazuka, mwanga ni laini, uso wa mtu unauona wote hauna kivuli cheusi chini ya macho. Mwaka wangu wa kwanza na kamera nlikua nasubiri jua litoke ndo nipige, picha zote zikawa mbovu. Kamera yenyewe ni Canon iliyotumika, niliagiza Dar ikaja na treni, imefungwa ndani ya mfuko wa unga ili asiijue mtu, siku mbili nzima nimekaa sina amani. Lensi ninayo moja, ya milimita 50, haivuti mbali, ukitaka uso wa mtu inabidi umsogelee na ukimsogelea inabidi umsalimie. Ndo ilivyonifundisha watu.

Bibi mmoja anayeanika dagaa kaniona, badala ya salamu: "We Mkongo, picha yangu ya juzi iko wapi?" Nikampa, nlikua nimeisafisha studio kwa elfu moja. Akaiangalia, akaigeuza nyuma kama vile kuna maandishi, akaangalia tena. "Mbona umenizeesha hivi?" Nikamwambia bibi kamera haijui miaka ya mtu. Akaikunja kwenye khanga akaniambia nipige nyingine na safari hii nisimuweke na hilo beseni bovu. Nikapiga. Mikono yake ina magamba madogo ya fedha mpaka kwenye viwiko, mwanga ule ukiyapata yanang'aa kama mtu aliyevaa bangili nyingi. Nilipiga mikono tu, mara nne, yeye anadhani napiga uso.

Sio kwamba mwanzo walinipokea hivi. Kuna mwaka jamaa mmoja alinishika mkono hapohapo mwaloni, unapiga za nini, unamtumia nani, wewe si raia. Tukaenda mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, nikatoa kibali changu, nikaonyesha picha moja moja, mwenyekiti akakuta ya shemeji yake anacheka na samaki mkononi, kesi ikaishia hapo. Toka siku ile kibali natembea nacho kwenye pochi hata nikienda kununua vitunguu. Na bandarini siingizi kamera. Nimejifunza.

Saa moja na nusu nafungua kibanda, chai na chapati mbili, dogo anafagia. Mpaka saa nne tumekata bomba za madirisha manne, tumepaka redi oksaidi vitanda viwili, hakuna cha kusimulia.

Saa nne umeme ukakatika. Siku hizi nalalamika kidogo kuliko zamani, kabla ya 2022 hatukua kwenye gridi ya taifa, umeme wa Kigoma ulikua wa majenereta ya dizeli, mashine yangu ya kwanza iliungua kwa umeme kupanda na kushuka na sikumdai mtu hata mia. Basi ukikatika mi natoa kamera. Nina mchezo mmoja niliugundua mwenyewe, nafurahi nao kama mtoto, japo baadae nilikuja kuambiwa wapiga picha wengine duniani wanaujua. Kile kioo cheusi cha kuchomelea, namba 10, nakibana mbele ya lensi kwa raba za kufungia hela. Kinazuia mwanga hasa, kwa hiyo mchana kweupe naweza kuacha kamera imefumbua jicho nusu dakika nzima juu ya tofali. Kila kinachotembea kinapotea. Barabara ya Mwanga saa nne na nusu, bodaboda hata sijui ngapi, kina mama wa ndizi, mbuzi, wote wametoweka, kwenye picha yuko mtu mmoja tu, mwendesha guta aliyelala juu ya guta lake mguu mmoja unaning'inia. Picha inatoka kijani kama maji ya bwawa kwa sababu ya kile kioo, naigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Dogo kaiona kasema, fundi umewaua watu wote.

Saa tano ndo siku ikaanza kuharibika.

Tulikua na geti la kupeleka Mlole kwa bosi mmoja. Milango miwili, bomba inchi mbili, maua ya chuma juu, laki sita na nusu, kashalipa laki nne na sabini. Tukalipakia kwenye guta mimi na dogo tunasukuma nyuma kile kilima. Kufika, natupa tepu kati ya nguzo na nguzo, nasoma, narudia, nasoma chini, nasoma juu. Mbili tisini na sita. Wakati nilipopima mimi ilikua mita tatu kamili na geti nimelitengeneza mbili tisini na tano, sentimita tano ni za bawaba na za kuchezea. Sasa imebaki sentimita moja, bawaba inakaa wapi? Nikagusa nguzo, mbichi. Wamepiga lipu. Sentimita mbili huku, mbili huku, nne zimeenda.

Bosi akatoka na kikoi, mswaki mdomoni, saa sita kasoro mtu anapiga mswaki.

"Fundi, geti halifungi?"

"Halijafika kufunga bosi, haliingii. Mmepiga lipu nguzo baada ya mimi kupima."

"Lipu ilikuwepo."

"Haikuwepo bosi."

"Ilikuwepo fundi, we ulipima vibaya, mlivyozoea kupima kwa macho huko kwenu."

Hapo nlinyamaza kidogo. Huko kwetu. Nimejifunzia kazi Kalemie kwa mzee aliyekua akinichapa kiganjani na flatiba nikikosea milimita mbili. Lakini nikakumbuka kitu. Siku ile ya kupima, wiki tatu nyuma, nilipiga picha, si kwa ajili ya ushahidi, nilipenda zile nguzo za tofali jekundu na mbuzi mweupe aliyepanda juu ya lundo la mchanga katikati, tepu ya njano imenyooka chini yake kama kamba ya sarakasi. Iko kwenye simu. Nikamuonyesha. Tofali zinahesabika, hakuna lipu hata tone, tarehe iko hapo.

Akaichukua simu, akaikuza kwa vidole. Muda mrefu. Mi nasubiri aseme samahani.

"Huyu mbuzi ni wa nani?"

Aisee.

"Bosi, angalia nguzo."

"Nauliza huyu mbuzi anafanya nini kwenye mchanga wangu." Akamuita kijana wa nyumba, kijana akaja, wakaanza kesi ya mbuzi, jirani naye akaitwa, jirani akasema mbuzi wa mama mmoja wa kule chini, mi nimesimama na geti la kilo sijui ngapi limeegemea begani kwa dogo. Kama dakika ishirini hivi. Aliporudi kwangu akasema picha siku hizi haziaminiki, kuna hizi akili mnemba, mtu anatengeneza chochote, "hiyo umeiediti". Nikamuuliza, na mbuzi je, nimemuediti? Akasema mbuzi ni wa kweli. Yaani mbuzi wa kweli nguzo za uongo.

Jumamosi ana sendofu ya binti yake, wageni watakuja, geti lazima liwe limesimama leo na hela ya kukata na kuunga upya hatoi. Ningekua na moyo mwingine ningelirudisha kibandani. Lakini laki na themanini imebaki kwake na Jumatatu nadaiwa kodi ya kibanda, na yeye anajua.

Kwa hiyo tukakata. Umeme bado haujarudi, nikaazima jenereta kwa fundi mwenzangu, petroli nikanunua mimi. Kila mlango tunautoa sentimita mbili, si kazi ya kukata pembeni tu, unafungua fremu, unapunguza bomba za kulala zote sita, unaunga, unasaga na grenda mpaka mshono usionekane, na maua ya juu yanagoma kukutana katikati inabidi uyakunje upya. Saa ngapi sijui, sikuangalia tena. Jua liko utosini, jenereta inazima kila nikitaka kushikiza, bosi kaweka kiti kivulini anatuangalia kama mpira. Mara "hapo pamepinda", mara "rangi si ileile". Chakula tumekula kwa zamu, ugali wa muhogo na sombe ya mawese, yaani kisamvu, sombe ndo neno ninalolipenda hapa Kigoma kwa sababu sikulazimika kujifunza, kwetu pia tunaita sombe.

Kwenye kushikiza bawaba ya juu mi nlikua nimeshika mlango kwa mikono miwili, miwani iko kwenye paji la uso, nikamwambia dogo subiri. Jenereta inanguruma, dogo kasikia "piga". Akapiga. Mweupe ule ukaniingia macho yote mawili, na kwa sababu siwezi kuachia mlango umuangukie nikafumba tu huku naona rangi ya zambarau. Akapiga tena mara mbili. Sikumgombeza, kosa langu, miwani inakaa machoni haikai kwenye paji. Ila nlijua kabisa usiku nitalipia. Moto wa kuchomelea haukuumizi palepale, unakusubiri ulale.

Jioni jioni geti likasimama. Likafunga kwa sauti nzuri, tak, komeo likaingia bila kusukumwa. Bosi akalifungua akalifunga, akalifungua akalifunga, akasema "sasa hivi ndo ungefanya toka mwanzo". Akanitumia laki moja kwenye simu, themanini nyingine baada ya sendofu. Nikapiga picha ya geti. Mafundi wote wanapiga, ya kuonyesha wateja, hiyo haina ufundi.

Kushuka mjini jua lilikua linaenda. Huku linazama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo kama hewa ni safi, yaani linazama kwetu. Miaka yote hii bado naona kama limekosea njia. Nikakaa ukutani juu huku, bila kutoa kamera, naangalia bandari kwa mbali. Mi nikiangalia bandari ile namuwaza fundi mwenzangu asiye na jina. Ile meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa, ikaletwa kwenye masanduku, ikaungwa hapahapa Kigoma kwa ribiti, maana wakati ule meli hazikuchomelewa, kila tundu linapigwa ribiti ya moto kwa nyundo, moja moja. Ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiiache kwa adui, lakini mafundi kabla ya kuizamisha wakapaka injini grisi nzito, 1924 Waingereza wakaitoa chini na 1927 ikaanza kazi tena. Hiyo grisi ndo naipenda. Mtu kaambiwa aharibu kazi yake, kaharibu huku anaitunza.

Nyumbani nimekula kidogo, watoto wamelala. Saa nne usiku macho yakaanza. Wasiojua, ni kama mtu kakumwagia mchanga wa moto chini ya kope, ukifumba yanauma ukifumbua yanauma, machozi yanatoka yenyewe. Mama watoto hakuuliza, akaenda kukata kiazi ulaya slesi mbili akaniwekea, wengine wanatumia maziwa, yeye ni kiazi. Sijui kama kinatibu ila ni baridi.

Nikalala chali. Akachukua kamera, akakaa pembeni ya kitanda, nasikia anabonyeza.

"Hii imetoka ukungu. Hii nzuri. Hii ni mikono ya nani, mbona haina mtu?"

"Ya yule bibi wa Kibirizi."

"Akijua." Akabonyeza. "Hii barabara, watu wako wapi? Kuna nini, msiba?" Akabonyeza tena, akakaa kimya, nasikia kamera inalia ti ti, anakuza. "Baba, hili geti. Hili si geti la Mlole? Ua la kushoto liko chini kuliko la kulia."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Kama unene wa kucha."

Nikanyanyua kiazi jicho moja nione, sikuona kitu, machozi tu.