Mgunga unaopiga mluzi

Savana ikitajwa, wengi huwaza nyasi na simba. Mimi ningeanza na udongo. Kwenye tambarare za Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kuna udongo mweusi unaovimba na kunata mvua ikinyesha, kisha kiangazi unapasuka nyufa na kukata mizizi. Miti mingi hushindwa hapo. Mgunga mfupi uitwao kitaalamu Vachellia drepanolobium haushindwi.

Uutazame kwa karibu, pale panaporuhusiwa kushuka garini. Kati ya miiba mirefu myeupe kuna vinundu vya mviringo. Vikiwa vichanga ni laini, vikikomaa huwa vigumu, vyeusi na vitupu ndani. Sisimizi huvitoboa na kuhamia humo, na upepo ukipita kwenye matundu, mti hupiga mluzi. Mti pia huwapa maji matamu kwenye tezi za majani. Kodi wanailipa kwa meno: tikisa tawi uone! Twiga hula hata hivyo, ila hakawii kuhamia mti mwingine.

Huko Laikipia, viwanja kadhaa vilizungushiwa ua mwaka 1995 kuzuia wanyama wakubwa. Ungedhani migunga ingenawiri. Kumbe mti usioliwa hupunguza vinundu na utamu, walinzi wakadhoofika, na nafasi yao ikachukuliwa na sisimizi wa aina nyingine wanaokaa kwenye mashimo ya mbawakawa. Hao hawana haja ya kumfukuza mbawakawa, kwa hiyo miti ikatobolewa zaidi, ikakua polepole na kufa kwa wingi.