Kalori za kwenye menyu na mkono unaomimina mafuta

Mdogo wangu alinipigia simu Jumapili usiku, sauti imemkauka. Ni mwezi wa nne sasa anahangaika kupunguza uzito, na kazi yake ni ya safari, kwa hiyo mchana wa siku za kazi anakula mgahawani. "Dada, nahesabu kila kitu. Nachagua chenye kalori chache kuliko vyote kwenye menyu. Mbona mizani haishuki?" Nilimwambia anipe siku mbili nimjibu kwa maandishi, kwa sababu tulio wengi huku Marekani tunaulizana hilohilo, na mimi jibu lake nimelionea jikoni. Tangu nifike nchi hii, riziki yangu imekuwa kusimama mbele ya jiko la mgahawa.

Zile namba ni za sheria. Tangu tarehe 7 Mei 2018, mgahawa wenye matawi 20 au zaidi yanayotumia jina moja na kuuza vyakula vilevile lazima uandike kalori kando ya kila chakula kwenye menyu. Vimgahawa vya mtu mmoja havihusiki. Hata katika ile mikubwa, chakula cha msimu kinachokaa kwenye menyu chini ya siku 60 kwa mwaka kinaruhusiwa kukosa namba. Lakini wengi hawajui namba yenyewe inapatikanaje. Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, hailazimishi chakula kipelekwe maabara. Mgahawa unaweza kwenda maabara ukitaka, au ukachukua mapishi yake, ukatafuta kila kiambato kwenye hifadhidata ya lishe, ukajumlisha. Mradi uwe na msingi unaokubalika. Kwa hiyo namba unayoisoma ni ya mapishi. Sahani iliyo mbele yako imepikwa na mtu.

Na mtu huyo namjua, maana ni mimi. Karatasi ya mapishi imebandikwa ukutani: mafuta kijiko kikubwa kimoja, jibini gramu kadhaa, sosi upawa mmoja usiofurika. Saa moja jioni, oda zimejipanga mbele yangu na mhudumu anaita meza ya tisa kwa mara ya tatu. Hapo kijiko hakishikwi. Chupa ya mafuta inainamishwa juu ya kikaango, jicho ndilo linalopima. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori zipatazo 120. Mkono ukichelewa kuinuka sekunde moja, umeongeza kijiko kizima, na mlaji hataona tofauti yoyote, isipokuwa chakula kitakuwa kitamu zaidi. Sosi ni vivyo hivyo. Miaka yote hii nimeona saladi zikirudishwa jikoni kwa sababu ni kavu. Sijawahi kuona iliyorudishwa kwa sababu sosi imezidi. Mpishi hujifunza upande gani wa kukosea ulio salama kwake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walilipima jambo hili, matokeo yakachapishwa mwaka 2011 katika jarida la JAMA. Walinunua vyakula 269 kutoka migahawa 42, wakavipima maabara. Ukichukua wastani, menyu zilisema kweli: tofauti ilikuwa kalori 10 tu. Lakini katika kila vyakula 100, 19 vilikuwa na kalori 100 au zaidi juu ya zilizotangazwa. Kisha kuna sehemu ambayo natamani kila anayepunguza uzito aijue: vyakula vilivyoandikwa kalori chache ndivyo vilivyoelekea kuwa na nyingi kuliko zilizoandikwa, na vile vilivyoandikwa nyingi vikaelekea kuwa na pungufu. Kosa halikutawanyika sawasawa. Lilimwangukia zaidi yule anayechagua kwa uangalifu, kama mdogo wangu. Chakula chenye kalori 1,300 kikizidi 100, ni kidogo. Saladi ya 400 ikizidi 100, umeongezewa robo nzima.

Hata hivyo sitaki aitupie menyu lawama yote. Tuseme mpango wake ni kula kalori 400 pungufu kila siku, yaani 2,800 kwa wiki. Milo mitano ya mgahawani ikizidi 150 kila mmoja, zinapotea 750. Hiyo ni zaidi kidogo ya robo ya jasho lake, na inauma, lakini bado ilitakiwa ashuke polepole. Nilipombana akakumbuka kahawa ya maziwa na sukari ya kila asubuhi, ambayo hakuwa akiiandika popote. Halafu kuna chumvi. Chakula cha mgahawani kina chumvi nyingi, nayo hushika maji mwilini. Mtu anakula nje usiku, asubuhi mizani imepanda, anakata tamaa na hakuna mafuta yaliyoongezeka. Ajipime asubuhi kadhaa, atafute wastani wa wiki, alinganishe wiki na wiki.

Namba za menyu naziheshimu bado. Kati ya sahani ya 1,200 na ya 600, kosa la mpishi haliwezi kuifuta tofauti hiyo. Zitumie kulinganisha chakula na chakula. Kwa kuhesabu siku yako, ongeza kitu juu yake: mimi huongeza moja ya tano kwa chochote kilichopita kwenye kikaango au kilichomwagiwa sosi, na kwa kuku wa kuchomwa bila sosi siongezi sana. Hicho ni kipimo changu cha jikoni, si cha maabara. Ukiona menyu imeandika 600–1,100, usijiandikie 600 kabla hujajua ya chini kabisa inapatikana kwa kuchagua nini. Na omba sosi iletwe pembeni. Hakuna mpishi atakayekuchukia kwa hilo, ni kibakuli kimoja tu.

Nikamwomba wiki hii anipigie picha za chakula chake kabla hajala. Ya kwanza imeingia leo mchana: saladi ya kuku, menyu inasema 420. Majani yalikuwa yanang'aa hadi pembeni mwa bakuli na chini kumetuama kidimbwi cha sosi. Nikamwandikia: "Weka 550. Acha hiyo ya chini usiifute na mkate. Kesho nitumie tena."