Mafuta na Misuli Hurithiwa Pamoja

Nilipopanda mizani inayokadiria mafuta na misuli kando, nilidhani kimoja kikizidi kingine lazima kipungue. Kumbe tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba baadhi ya jeni huchangia vyote viwili kwa pamoja. Jeni ya FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007, ndiyo maarufu: mwenye nakala mbili za aina yake hatarishi huwa mzito zaidi kwa wastani wa kilo 3 hivi. Mimi hunivutia zaidi jeni nyingine, MC4R, ambayo ikiharibika mtoto hula bila kushiba, hunenepa, hurefuka haraka, na hata uzito wake usio wa mafuta huongezeka, kwa hiyo kumwita mlafi (nimewahi kufanya hivyo kimoyomoyo) ni kumwonea. Mizani yangu, inayopitisha umeme hafifu nyayoni, haioni lolote kati ya hayo.