Drafti, mistari na vidoti kwenye vijisanamu vya vita, kwa wanaoanza tu

Nianze na hili linalowakimbiza watu wengi: mkono wako kutetemeka sio tatizo, kila mtu anatetemeka. Ukiona picha ya kijisanamu cha milimita 28, yaani kale kaaskari kadogo ka michezo ya vita ya mezani, ngao yake ina drafti nyeusi na nyeupe na miraba imenyooka vizuri kabisa, unadhani jamaa kashusha brashi mara moja ikatoka hivo. Wapi! Mstari ulitoka umepinda, akarudi na nyeupe akaukata upande huu, akarudi na nyeusi akaukata upande ule, akaenda hivo hivo mpaka ukanyooka. Yaani mstari mwembamba unachongwa na rangi mbili zinazosukumana. Kwahiyo kabla hujaanza pambo lolote hakikisha ile rangi ya chini bado unayo na unaweza kuipata ileile, kama uliichanganya mwenyewe basi changanya ya kutosha, maana utaihitaji sana.

Brashi sasa. Wengi wanakimbilia zile ndogo kabisa za sifuri tatu, mi sizipendi, zinabeba rangi kidogo mno na akriliki, hii rangi ya kuchanganya na maji tunayopakia, inakauka haraka kwahiyo inakauka kwenye ncha kabla hata hujagusa ngao. Chukua namba 1 au 0 yenye ncha kali. Ncha ndo kila kitu, unene wa tumbo la brashi unakusaidia tu kubeba rangi. Punguza rangi kwa maji mpaka iteleze bila kutiririka, afu kabla ya kugusa kijisanamu gusisha ubavu wa brashi kwenye tishu itoe maji ya ziada, ukiruka hapo rangi itamwagika yote kwa mpigo na kuingia kwenye kila mfereji. Na bandika kijisanamu juu ya kizibo au kichupa kitupu ili usikishike chenyewe, egemeza viganja vyote viwili mezani halafu vidole viguse hicho kichupa, hapo hata ukitetemeka mikono yote inatetemeka pamoja.

Pambo la kwanza ningesema ile mistari ya tahadhari, njano na nyeusi ya mshazari, kwenye panga la mashine au mlango wa gari la vita. Anza na njano kila siku, kwasababu njano haifuniki kitu, ukiiweka juu ya nyeusi utapaka tabaka hadi uchoke, ila nyeusi juu ya njano inafunika mara moja. Usianzie pembeni ukawa unasogea kwa macho, utafika mwisho mstari wa mwisho hauna nafasi. Weka mmoja katikati, afu mmoja katikati ya kila nusu iliyobaki, afu gawa tena. Hii ya kugawa nusu kwa nusu itakufaa kwenye kila pambo, ishike.

Drafti ni mistari hiyohiyo tu imekatizana, wima na mlalo. Chora kwa penseli ya kubonyeza, laini kabisa bila kukandamiza, mstari wa katikati wima na wa katikati mlalo, gawa tena ukipenda, una gridi. Sa usianze kujaza miraba yote kwa pupa, weka kwanza kidoti cheusi katikati ya kila mraba utakaokuwa mweusi, angalia kwa mbali kama zimepishana sawa, ndo ujaze kutoka katikati kwenda pembeni. Pembe za miraba zigusane kwa ncha tu. Ukitaka almasi kama zile za bluu na nyeupe za bendera ya Bavaria kule Ujerumani, gridi ileile ilaze mshazari, basi. Na kama unacheza ule mchezo wa vita wa mezani wa Warhammer 40,000 na una jeshi la Orki, yale majitu ya kijani, wa ukoo wa Goff, drafti ndo nyumbani kwao, afu Orki wenyewe wanatakiwa waonekane wamejipaka ovyo ovyo, yaani hakuna jeshi zuri la kujifunzia kama lile.

Vidoti havihitaji hata brashi, kijiti cha meno kinatosha, ila rangi iwe nzito kidogo kuliko ya mistari na uchovye upya kila vidoti viwili vitatu la sivyo vinazidi kuwa vidogo.

Kitambaa ndo kina ujanja wake. Vazi lina mikunjo, na mstari ulionyooka juu ya mkunjo unaonekana kama stika iliyobandikwa, kwahiyo ufuate mkunjo, ukipanda nao uupande, ukizama kwenye bonde uzame nao na nafasi kati ya mstari na mstari zibanane kidogo. Wale askari wa kukodiwa wa Ujerumani wa karne ya 16, Landsknecht, suruali zao za milia ni zoezi tamu sana la hili, mguu mmoja rangi hii mwingine rangi ile. Halafu nyeupe isiwe nyeupe tupu wala nyeusi isiwe nyeusi tupu, tumia kijivu cheupe na kijivu cheusi, ubakize nafasi ya kung'arisha pale juu mwanga unapopiga. Bila hivo pambo linaelea, halishikani na nguo.

Kalamu za wino zinafanya kazi pia kwenye maandishi na mistari myembamba, sina ubishi nazo, ila vanishi nyingine zinayeyusha wino kwahiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki kisicho na kazi. Na vanishi yenyewe sio ya mwisho tu: ukipaka tabaka la ile ya kung'aa juu ya rangi ya chini, ukaiacha ikauke kabisa kabla ya pambo, basi ukiharibu unafuta kwa brashi yenye maji fasta kabla haijakauka na chini hapaguswi. Mng'ao usikusumbue, ukimaliza unapuliza vanishi ya mati, ile isiyong'aa, juu ya vyote na mng'ao unapotea.