Nyumba ya Ndia Kuu kwa rangi za maji, bila ile "bonyeza tu"

Kijana wa saiba ndiye aliyenipandisha mori. Nilimwonyesha picha niliyopiga mtaa wa Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa: nyumba yenye roshani ya mbao, jua la adhuhuri, nyaya za stima zimekatiza katikati. Nikamwambia naitaka iwe mchoro wa rangi za maji, shangazi aitundike sebuleni. "Aah, hiyo ni kubonyeza tu, mzee." Akaitia kwenye programu ya simu. Kivuli cha chini ya roshani kikatoka cheusi tii, mlango wa nakshi ukamezwa wote, ukuta ukajaa mabaka ya saizi moja. Shangazi alipoonyeshwa akauliza, "Kwani nyumba hii iliungua lini?"

Rangi za maji hazina weusi wa namna hiyo. Tena wachoraji wengi wa fani hii hawatumii rangi nyeupe kabisa. Weupe wao ni karatasi waliyoiacha bila kuigusa. Filta, yaani hiyo programu ya kubonyeza, haijui kuacha. Inajaza picha kutoka pembe hadi pembe.

Mimi hutumia GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, haina malipo, na laptopu yangu kuukuu inaimudu. Nyaya nilizifuta, nikang'arisha vivuli mpaka mlango ukarudi, kisha nikapitisha Median Blur, aina mojawapo ya ukungu. Hiyo hufuta vitu vidogo kama nyufa na vumbi, lakini kingo za kuta zinabaki zimesimama. Usitumie ukungu wa Gaussian hapo, itakuvurugia kila kitu. Mistari ya penseli nayo ni rahisi: nakala mbili za picha zisizo na rangi, ile ya juu uigeuze kama negativu, uitie ukungu, hali yake ya kuchanganyika na ya chini iwe Dodge, inayong'arisha. Ziunganishe, ziweke juu ya leya (tabaka) ya ile picha ya rangi kwa hali ya Multiply, inayotia giza kilicho chini, na upunguze nguvu hadi mistari ionekane kwa shida. Ikikolea inakuwa katuni.

Sasa kingo za mchoro, na hapa nitajisifu kidogo. Kuna watu wanapakua brashi za madoa mtandaoni, na zote zinafanana. Mimi nilishuka Barabara ya Biashara, nikanunua kiboksi cha rangi za watoto, mia na ushee hivi, pamoja na karatasi nene yenye vinundu. Nikakoroga rangi nyeusi kwenye kisahani, nikachukua brashi pana na kupaka bonge la doa katikati ya karatasi, pembeni nikiacha brashi iburure kavukavu, kisha nikarusha matone kwa kidole. Mke wangu akapita, akatazama, akaenda zake.

Kukauka kulichukua muda, maana hewa ya Mombasa unaijua. Lakini ndipo nilipoona kitu: rangi ilikuwa inahamia ukingoni. Maji hukauka haraka zaidi pembeni mwa doa, yale ya katikati yakikimbilia huko na kubeba chembe za rangi, basi doa linabaki na uzi mwembamba uliokolea pande zote. Uzi huo ndio unaolifanya jicho liamini kwamba hapa palipita brashi yenye maji.

Nikalipiga picha doa langu, nikaligeuza rangi, jeusi likawa jeupe, nikalibandika kwenye maski ya leya, yaani kifuniko cha picha. Kwenye maski, palipo peupe picha inaonekana, palipo peusi inafichika. Kwa hiyo usiposahau kugeuza, roshani itatokea ndani ya doa na pembeni itaisha kwa mikwaruzo na matone. Karatasi tupu nayo niliipiga karibu na dirisha, mwanga ukija kwa ubavu ili vinundu vyake vitoe vivuli, nikaitia juu kabisa kwa Multiply. Watu huipiga kwa flashi halafu wanalalamika karatasi haina sura.

Kuchapisha nilitaka A3, na kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 3508 kwa 4961, kwa hiyo anza na picha kubwa. Fundi wa kuchapisha aling'ang'ania karatasi ya kung'aa, eti ndiyo wateja wanaipenda. Nikakataa, tukavutana, nikalipa mia kadhaa zaidi kwa ile isiyong'aa.

Shangazi kaipitisha nyumba zote za jirani. Kijana wa saiba juzi kaniomba "ile faili ya doa". Nimemwambia ni kubonyeza tu.